Mwanamke Aliyemnyima Mumewe Chakula

Shufaa aliingia uani bila kupiga hodi, hotpoti ya pilau mikononi. Akapita mbele ya Samiha, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchicha, akaenda moja kwa moja hadi meza ya kulia. Akaitua hotpoti katikati ya meza, akafungua kifuniko ili harufu itoke ifike kila chumba.

"Shikamoo, wifi," Samiha alisema kutoka uani.

"Marahaba. Mansoor amesharudi?"

"Bado yuko stoo. Wamepokea maharage kutoka Kimuli leo."

"Akirudi mwambie chakula chake kipo mezani." Shufaa alitoka akasimama mlangoni, mkono kiunoni. "Chakula, wifi. Siyo hayo majani."

Wanawake wawili wapangaji waliokuwa wakifua karibu na tangi la maji waliacha kusugua. Samiha aliendelea na mchicha wake, lakini vidole vilikuwa vinang'oa majani pamoja na vijiti.

"Wifi, wewe unajua kwamba daktari alimwambia—"

"Daktari! Daktari ndiye aliyemlea? Mama yetu alipofariki nani alimbeba yule mgongoni? Nimemlea mpaka akawa mwanamume wa kujaza mlango. Leo nakutana naye sokoni, suruali imejikunja kiunoni kama mdomo wa gunia. Watu wananiuliza, Shufaa, ndugu yako anaumwa nini? Niwajibu nini mimi? Niwaambie mkewe anambania?"

"Waambie anajitunza."

"Mwanamume mwenye stoo iliyojaa mahindi mpaka darini anakula robo sahani ya ndizi, halafu niseme anajitunza!" Shufaa alicheka, akawageukia wapangaji ili nao wapate kucheka. Mmoja alicheka. "Huku kwetu, wifi, mwanamke hasifiwi kwa kumkondesha mume."

Akaondoka jinsi alivyokuja. Nyuma yake ilibaki harufu ya pilau na nyama ya mafuta, na wale wapangaji wakiendelea kufua polepole, macho chini, kama watu waliofika msibani.

*

Samiha hakubuni jambo hili. Ni Mansoor mwenyewe aliyerudi kutoka hospitali, miezi ya kiangazi, akaketi kitandani na viatu vyake, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba presha iko juu, sukari imefika ukingoni, na ini limeanza kujaa mafuta. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba. Baba yake alifia kwenye kiti cha stoo hiyo hiyo kabla hajafika hamsini.

Safari iliyofuata walikwenda wote wawili. Daktari Evangelina, mama wa Muleba mwenye sauti kavu, hakuwatisha na hakuwabembeleza. "Sitaki ushinde njaa," alimwambia Mansoor. "Anayeshinda njaa leo atakula ya siku tatu kesho. Nusu ya sahani iwe mboga. Robo iwe maharage, samaki au nyama isiyo na mafuta. Robo inayobaki ndiyo ndizi au ugali. Soda acha, sukari kwenye chai acha, mafuta ya kukaangia pimeni kwa kijiko. Na utembee kila siku, mwendo wa kukufanya uheme lakini uweze kuongea. Ukipungua nusu kilo kwa wiki, hata kilo, shukuru. Asije mtu akakuahidi zaidi ya hapo. Mwili uliojengwa miaka ishirini haubomolewi kwa wiki mbili."

Samiha aliyachukua maneno yale kama mtu aliyekabidhiwa roho ya mtu. Alibadilisha jiko zima. Ndizi alizipika na maharage na nyanya badala ya kuzizamisha kwenye samli. Mandazi ya asubuhi akayaacha. Mansoor akanywa chai na yai la kuchemsha na parachichi. Na kwa kuwa mumewe aliona haya kutembea peke yake, kila alfajiri baada ya swala alivaa raba akafuatana naye kwenye barabara ya vumbi jekundu inayopanda kilimani, ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba. Wiki za mwanzo Mansoor alikuwa akisimama kila walipofika kona, mikono magotini. Baadaye alianza kupanda huku akimsimulia bei za mahindi. Akaacha kukoroma. Daktari alipompima alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo mdomo wa mji wao, Nkwenda, ulipofunguka.

Mkoa huu unakujua kukonda. Wenye umri wa Samiha walikua miaka ya UKIMWI, wakiona watu wazima wakiyeyuka ndani ya nguo zao, kisha turubai la msiba, kisha kaburi kwenye shamba la migomba, kisha jingine. Mtu mnene akipungua hapa hakuna anayeuliza amefanya mazoezi gani. Wauzaji wa maharage walianza kudai chao papo hapo, wao waliokuwa wakimwachia mzigo na kurudi baada ya gulio. "Bosi, kulikoni?" walimuuliza. Kuna aliyemshika mkono Mansoor mbele ya vibarua wake, akambinya kifundo kama anayepima mbuzi, akasema kwa heshima ya Kinyambo, "Pole sana, waitu."

Na Mansoor, mwanamume aliyezoea kupaza bei mnadani mpaka mishipa ya shingo ikasimama, hakumwambia mtu hata mmoja kwamba ni yeye mwenye presha, ni yeye aliyeamua. Akiulizwa alicheka tu. "Nyumbani siku hizi ni mboga kwa mboga," alisema. "Mama Ummy kanifungia jiko." Watu wakacheka naye, na neno likatembea, likafika kwa dada yake likiwa limenenepa: Samiha anamnyima mumewe chakula.

*

Jioni ile Samiha alimkuta ameinamia sahani. Pilau ilikuwa mlima. Sahani aliyomwandalia yeye, ya samaki na mchicha, ilikuwa pembeni, imefunikwa kama ya mtu mwingine.

"Baba Ummy."

"Usianze," Mansoor alisema, mdomo umejaa. "Nimtupie dada yangu chakula?"

"Sijasema umtupie. Kula vijiko viwili umshukuru. Kisha mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Ukweli. Kwamba unaumwa presha. Kwamba wewe ndiye uliyelia kitandani hapo ukisema hutaki kufa kama baba yenu. Kila siku ananitukana mbele ya wapangaji, na wewe unajua, na unakula."

Mansoor aliweka kijiko chini. Alimtazama kwa macho ya kuomba, na macho yale yalimkasirisha Samiha kuliko kama angemfokea. "Mtu wa biashara akisema anaumwa, kesho hana mteja. Unalijua soko. Vumilia kidogo, Mama Ummy. Yataisha."

"Yataisha kwa nani?"

Mansoor alivuta sahani karibu. Alimalizia pilau.

Hotpoti zikaendelea kuja. Siku nyingine ni wali wa nazi, siku nyingine maini ya kukaanga, siku nyingine katlesi zinazochuruzika. Mansoor akaacha kupanda kilima. Mzigo umekuwa mwingi, alisema, anafanyia mazoezi stoo. Samiha alisubiri suruali zimbane tena. Ajabu ni kwamba hazikumbana. Alizidi kupungua, na safari hii haraka, mashavu yakaingia ndani, midomo ikakauka. Alikuwa akiamka usiku kula, daku isiyo na Ramadhani, kisha kukimbilia chooni kabla ya kunawa mikono. Misuli ya miguu ilimkaza usiku. "Tumbo tu," alisema. "Yale maharage yako."

Alianguka siku ya gulio, stoo imejaa wauzaji. Alikuwa ananyanyua jiwe la mizani, akaliachia, akaangukia kwenye magunia.

*

Hospitali walimtundikia dripu wakampeleka kwenye mashine ya moyo. Samiha alisimama miguuni pa kitanda. Daktari Evangelina aliutazama ule mstari unaorukaruka, akamwinamia mgonjwa.

"Mansoor, unanisikia? Mwili umekauka maji. Damu imeishiwa potasiamu, na moyo unaitegemea hiyo. Hili halitokani na mboga wala kutembea. Umekunywa dawa gani?"

Mansoor alifumbua macho. Akamwona mkewe. Akamwona dada yake Shufaa mlangoni, kilemba kimelegea, machozi yanamtoka. Akayafumba tena.

"Sijanywa dawa."

"Ya kupunguza mwili? Ya kuharisha? Chai yoyote? Nyingine huchanganywa vidonge vya kufukuza maji, nyingine vya kuua njaa vinavyopandisha presha. Nisipojua ni ipi, naweza kukupa kitu kikagombana nayo. Niambie."

"Hapana, daktari." Ulimi ulikuwa mzito. "Ni chakula tu. Nyumbani... chakula kimekuwa kidogo."

Samiha alifungua mdomo, lakini Shufaa alimtangulia. Alimvuta kwa kanga mpaka ukumbini, palipokuwa na benchi refu la watu waliosubiri wagonjwa wao: mama mwenye mtoto wa dripu, wazee wawili wenye fimbo, vijana wa bodaboda waliomleta majeruhi.

"Umesikia? Kasema mwenyewe!" Sauti ya Shufaa iligonga bati. "Mwanamke gani wewe? Unamfunga mwenzio tumbo kama mbwa, unampandisha milima asubuhi na njaa, mpaka anaanguka mbele za watu! Unataka nini? Stoo? Unataka kurithi stoo?"

"Wifi, nyamaza, wewe hujui—"

"Nisijue nini? Miye ndiye niliyekuwa nikimlisha! Kama siyo mimi, leo tungekuwa tunachimba kaburi!"

Watu wa benchi walimtazama Samiha kuanzia raba zake mpaka ushungi. Mzee mmoja alitikisa kichwa, akamwambia mwenzake jambo kwa Kinyambo. Samiha alilielewa neno kwa neno, kwa sababu mama yake ni Mnyambo wa Kayanga: huyu ndiye aliyemnyima mumewe chakula.

Hakulia. Alikaza ushungi wake, akabaki amesimama.

Ndipo Abdillah alipofika. Alikuwa mdogo wake Mansoor kwa baba, mwanamume wa mashati yaliyopigwa pasi, mwenye duka la vipodozi karibu na kituo cha magari Nkwenda. Hakuingia wodini. Alisimama mbali na mlango, akamwita Samiha kwa kidole.

"Shemeji," alinong'ona. "Amesema nini?"

Samiha alimtazama. Dada mtu aliingia akilia, vibarua walipiga simu kuuliza kama bosi anapumua. Huyu, damu moja, anauliza amesema nini.

"Huulizi anaendeleaje?"

"Namaanisha... daktari amemuuliza nini? Amemjibu nini?"

"Umempa nini, Abdillah?"

"Nimpe nini mimi? Shemeji, una uchungu, nakuelewa—"

"Moyo wake unarukaruka kama kuku aliyechinjwa. Daktari anatibu gizani. Ukinyamaza utamzika. Umempa nini?"

Abdillah aliangalia viatu vyake. Jasho lilikuwa limetokeza juu ya mdomo. "Mimi nauza manukato na mafuta ya nywele," alisema.

Samiha hakuuliza mara ya tatu. Aliwapita watu wa benchi, akatoka nje kwenye jua, akapanda bodaboda ya kwanza. "Nkwenda. Na ukiona shimo, usilionee huruma."

*

Duka la Abdillah lilikuwa limejaa, kwa kuwa bado ni gulio. Nyuma ya kaunta alikuwepo Therese, binti aliyeajiriwa kuuza. Ukutani palibandikwa picha ya mwanamke wa kizungu mwenye kiuno cha nyigu, na chini yake maandishi: KULA UTAKACHO, KONDA UTAKAVYO.

"Karibu, mama," Therese alisema. "Pole na Bosi Mansoor, tumesikia."

"Asante. Ile dawa aliyokuwa akichukua hapa, nipe."

Binti hakuwa na sababu ya kuficha. "Ile ya chai au ya vidonge? Maana alikuwa anachanganya zote mbili. Kaka Abdillah alimwambia akitumia zote anaweza kula chochote, inasafisha usiku." Akanyoosha mkono juu ya rafu. "Na bosi alikuwa ana haraka, anasema kliniki imekaribia, daktari asimkute amenenepa."

Kumbe! Samiha aliona yote kwa mara moja, pilau ya mchana na mbio za choo za usiku, mwanamume mzima anayeona haya kumkatalia dada yake sahani, anayeona haya kumkabili daktari, na katikati ya haya zake mbili anaona ni rahisi zaidi kumtwisha mkewe.

"Nipe zote," alisema.

"Zote, mama?"

"Boksi zima."

Therese alisita, akatazama mlangoni kama atamwona mwajiri wake. Samiha alizunguka kaunta, akapanda kwenye stuli, akashusha boksi mwenyewe. Wateja walisogea. Mwanamke mmoja mnene, mwenye pakiti mbili mkononi tayari kulipa, alimuuliza, "Kuna nini, dada?"

"Ndugu wa mwenye duka amelazwa kwa hiyo uliyoshika." Samiha hakuipunguza sauti yake, akaipaza, kama mumewe anavyopaza mnadani, mpaka wauza mitumba wa upande wa pili wakageuza shingo. "Mnamjua Mansoor. Mmesema ana ule ugonjwa. Mmesema amefilisika. Mmesema mkewe anamnyima chakula. Mansoor alikuwa anapungua vizuri kwa kula kama watu na kutembea kama watu, mkamcheka mpaka akaja kununua kuhara! Kuhara, jamani! Kapewa na mdogo wake wa baba mmoja, na mdogo wake amesimama hospitali sasa hivi, kafunga mdomo!"

Mwanamke mnene aliweka pakiti zake kwenye kaunta taratibu, kama vitu vinavyoweza kulipuka. Hakuna aliyecheka. Samiha alilikumbatia boksi, akarudi kwenye pikipiki.

Daktari Evangelina alisoma ubavu wa pakiti, akakunja uso. "Hii naijua. Mama mmoja wa vijijini aliletwa kwa hii. Hawakuandika kila kilichomo." Akamwita muuguzi, akataja dawa ya kusimamisha kuhara na dawa ya kuongeza potasiamu, mambo yakaanza kwenda mbio. Kabla hajaingia wodini alimgeukia Samiha. "Umemchelewesha kwenda kaburini," alisema, akafunga pazia.

Shufaa alikuwa ameketi sakafuni ukumbini. Alitazama boksi, akatazama mahali Abdillah alipokuwa amesimama. Hapakuwa na mtu.

*

Mansoor aliruhusiwa kurudi nyumbani, miguu bado myembamba. Samiha alimpikia, alimpa dawa, alimfulia. Hakuzungumza naye ila lililobidi. Mara moja alijaribu kumshika mkono, akasema, "Mama Ummy, pale hospitali sikuwa na akili zangu." Samiha akaondoa mkono. "Ulikuwa nazo. Ulimwona dada yako kwanza, ndipo ukajibu."

Ijumaa, baada ya swala, ukoo ulikuja kuyamaliza. Ami Shaaban, mdogo wa marehemu baba yao, alitoka Kayanga na kanzu yake nyeupe. Abdillah aliketi mbali na mlango, duka lake lilikuwa limefungwa tangu siku ile, watu wakipita wanaonyesha vidole. Shufaa alikaa mkekani, hana hotpoti.

Ami Shaaban alikohoa. "Mwanangu Samiha, hakuna anayekataa kwamba Mungu amepitia kwako kumwokoa mumeo. Hilo tunashukuru. Lakini jambo la ndani umelimwaga sokoni. Umemvunjia shemeji yako duka na heshima. Abdillah kakosea, ndiyo, lakini hakukusudia. Tunachoomba ni neno dogo. Mwombe radhi shemeji yako, na yeye atakuomba, yaishe."

"Mimi kwanza?" Samiha aliuliza.

"Wewe ndiye uliyesema mbele za watu."

Samiha alimgeukia mumewe, aliyekuwa akichunguza nakshi za zulia. "Baba Ummy. Na wewe unataka niombe radhi?"

Mansoor alijikuna shingo. "Ni neno moja tu, Mama Ummy," alisema. "Ili watu wapumue."

Kama angempiga kofi lisingeuma hivyo. Samiha aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayekubaliana na bei ya hasara. Kisha akamtazama Abdillah.

"Nisamehe, Abdillah. Nimechelewa. Siku ya kwanza ndugu yako alipokimbilia chooni ndiyo niliyopaswa kuja dukani kwako. Nilikaa nikilaumu maharage."

"Samiha!" Ami Shaaban alisema.

"Nimeshaomba, ami. Umeniomba neno dogo, nimelitoa." Sauti yake haikupanda. "Sasa Mansoor naye atoe lake. Sitaki jingine. Amwambie dada yake, hapa, mbele yenu, ni nani aliyepunguza chakula katika nyumba hii. Akishindwa, leo hii nachukua gari la Kayanga kwa mama yangu, na wifi ataleta hotpoti zake mpaka siku mtakayochimba kaburi. Mimi mgonjwa wa kumtunza ninaye. Mtoto wa kumfichia aibu sinaye."

Hakuna aliyemtazama mwingine. Nje wapangaji walikuwa wamezima redio.

Mansoor aliacha zulia, akamgeukia Shufaa. "Ni mimi, dada," alisema. "Mimi ndiye mwenye presha. Mimi ndiye niliyemwomba anipikie vile. Nilikuwa naendelea vizuri. Nikaona aibu, wakisema naumwa ule ugonjwa, wakisema nimefilisika. Nikaona bora waseme ni yeye." Akafuta uso kwa kiganja. "Pilau yako nilikuwa naila, halafu nakunywa ile dawa niitoe. Pale hospitali nilidanganya. Nilikuwa radhi wamseme yeye."

Shufaa aliweka mkono mdomoni. Alipoutoa mkono uso wake ulikuwa umezeeka. "Kumbe nilikuwa nakulisha kifo," alisema. Alitaka kumgeukia Samiha. Alifika nusu, shingo ikagoma. "Wifi," alisema akitazama mkeka, "mimi sikujua."

"Hukuuliza," Samiha alisema.

Ami Shaaban alianza kusema habari za subira na ndoa, akaona hakuna anayemsikiliza, akaacha. Abdillah aliinuka akasema anakwenda kuangalia pikipiki yake. Hakurudi. Walikaa. Jua lilikuwa limegeuka dirishani, wageni wamefika tangu adhuhuri, na mbele yao hapakuwa na hata bilauri ya maji. Shufaa ndiye aliyethubutu.

"Na chai je, wifi? Ami katoka mbali."

Samiha alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mikono, kile cha Mansoor. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kukaa kabla wageni hawajanywa. Miguu yake yenyewe ilijikaza kutaka kusimama, aliibana chini. Aliegemea.

Kisha Mansoor alishika ukuta, akainuka, akapita katikati ya ndugu zake kwa mwendo wa mtu aliyetoka kuugua, akaingia jikoni. Walimsikia akifungua kabati, akifunga. Akifungua jingine. Kifuniko kilianguka kikazunguka sakafuni mpaka kikachoka.

"Mama Ummy," aliita. "Majani ya chai yako wapi?"

Shufaa alishika mkeka ili ainuke amsaidie. Samiha alimtazama tu, naye akakaa.

"Mama Ummy?"

"Tafuta," Samiha alisema.